Ombi la Kurudishiwa Kosa la Mashine ya Jeton

Butembo, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025

Kwa Bwana Ignace,
Mratibu wa Kamati ya Msaada kwa Waliohama Barabara ya Kaskazini,
kwenye dépôt ya zamani ya kahawa, Butembo.

Nakala kwa wale walioandika maktaba ya alama za ordinateur, popote walipo. Mademoiselle Delphine anayo anwani yao.

Jambo: kurudishiwa kosa lililosahihishwa bila idhini ya waliokosewa

Bwana Mratibu,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili kiti chako, na kupitia kwako namsalimu mama wa nyumbani uliyemwacha Kikwit. Natumaini baridi ya Butembo imekuzoea, maana wewe naona bado hujakubali kuizoea. Hata jana nilikuona kwenye misa umevaa makoti mawili.

Mimi ni Kitsa Maliro, directeur honoraire, yaani mwalimu mkuu mstaafu, wa shule ya msingi huko Eringeti, miaka thelathini na miwili mbele ya ubao, sasa mtu aliyehamishwa na vita, mkuu wa kaya ya mtu mmoja. Katika mstari wako wa msaada nilikuwa namba ishirini na tatu. Nasema nilikuwa, na neno hilo ndilo limenifanya ninunue karatasi hizi.

Ombi langu ni fupi. Jumanne iliyopita kamati yako ilisahihisha kosa katika programu ya jeton. Naomba kosa hilo lirudishwe mahali pake, likiwa zima kama lilivyokuwa. Nina akili timamu, sijaonja kitu tangu asubuhi isipokuwa chai, na miwani yangu ninayo usoni.

Kwa kuwa barua hii itasomwa pia na wale wa maktaba, ambao hawajawahi kutuona, nitaanza mwanzo kama inavyofaa.

Mwezi wa kumi mwaka jana tuliandikishwa kaya sitini na moja katika uwanja wa dépôt, yaani lile ghala la kahawa, watu wa Eringeti, Mbau na vijiji vya pembeni. Delphine, binti wa Beni aliyesoma informatique, elimu ya kompyuta, hapa mjini, alikaa nyuma ya ordinateur akimwuliza kila mmoja jina, kijiji na idadi ya watu anaowalisha. Ordinateur ilimeza maneno hayo na kutoa alama, yaani mstari wa herufi na tarakimu zilizochanganyika kana kwamba mtoto wa darasa la kwanza ameachiwa kalamu. Alama hiyo ikachapwa kwenye jeton, kadi ndogo ya kupokelea msaada. Kila mwezi, siku ya kugawa maharage, unga, mafuta na sabuni, mtu anakuja mwenyewe na jeton yake, Delphine anaandika tena maneno yale yale, na alama ikitoka ile ile mtu anapita. Isipotoka ile ile, mtu si yeye.

Siku ya kwanza ya kugawa, watu karibu wote waliambiwa kwamba si wao. Utakumbuka kelele zilizokuwapo. Mama Hulda, mjane wa Mbau mwenye watoto wanne, aliishika jeton yake kwa mikono miwili akakuuliza mbele yetu sote: «Mais kama mie hapana mie, ule mwenye kusikia njaa ni nani?» Ulipekua makaratasi yako yote.

Jibu lilikuwa ndani ya cahier yangu, daftari la mwalimu. Siku ya kuandikishwa nilikuwa nimeandika majina yote kwa utaratibu ambao watu walipita kweli, kwa nia ya kukuletea mashtaka dhidi ya walioruka mstari. Nilikuwa na watu sita wa kushtaki, na wa kwanza wao alikuwa Kahongya, muuza mbuzi wa Mbau, mwenye kisogo kipana kama ungo, aliyenipita mchana kweupe akijifanya anamfuata mbuzi. Hapakuwa na mbuzi. Basi siku ile ya kelele, groupe, ile mashine ya umeme, ilikuwa inazimika kila mara kwa kukosa essence, yaani petroli, na kila ilipowashwa upya niliona jambo moja: Mama Kasika akitangulia, anapita, na anayemfuata katika cahier yangu akimfuata, naye anapita. Nilipanda juu ya gunia, nikaita majina kama ninavyoita darasa, na watu sitini na mmoja wakapita bila kusimama. Delphine alinishika mkono kwa shukrani. Hakuelewa kilichotokea, na hakuwa na nafasi ya kuelewa, kwa kuwa magari ya chakula yalikuwa yanataka kuondoka. Tangu siku hiyo mstari ulifuata cahier, mwezi baada ya mwezi.

Wiki iliyopita Delphine alinieleza sababu, na kwa kuwa nimefundisha watoto wagumu kuliko ordinateur, nimeelewa. Ile sehemu inayotengeneza alama hakuiandika yeye. Aliichukua katika maktaba, yaani mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wa mbali ili wengine wasihangaike. Ndani yake mna kitu mfano wa chungu. Unatia maneno, yanachanganyika, na ukionja unapata alama. Chungu hicho kina amri mbili. Ya kwanza ni kunakili: unapata chungu cha pili chenye yote yaliyokwisha kuingia katika cha kwanza, unaonja hicho cha pili, na cha kwanza kinabaki jikoni kikiendelea kupokea. Ya pili ni kurudisha mwanzo: unamwaga yote, na chungu kinakuwa kitupu kama siku kilipofinyangwa. Delphine alitumia ya kwanza akasahau ya pili. Kila kaya ilipofika alitia maneno, akanakili, akaonja, lakini hakumwaga kamwe. Chungu kilimwagika chenyewe pale tu ordinateur ilipozimika na kuwashwa upya. Kwa hiyo alama ya Mama Kasika ilikuwa ya Mama Kasika peke yake. Ya mtu wa pili ilikuwa na Mama Kasika ndani yake. Ya kwangu ilikuwa na watu ishirini na wawili ndani yake, Kahongya akiwa juu kabisa, amenikalia.

Wewe ni mtu wa Kikwit, na huenda ulishangaa kwamba sisi hatukushangaa. Sisi Wanande humpa mtoto jina kwa nafasi aliyozaliwa. Ukilisikia jina unajua wangapi walimtangulia katika tumbo la mama yake, hata kama waliomtangulia hawapo tena, hesabu haiwaruki. Ordinateur ilipoanza kumtambua mtu kwa wale waliokuja kabla yake, tuliona hatimaye serikali au wafadhili wametuletea mashine yenye adabu.

Sasa naleta malalamiko yangu moja baada ya jingine.

Kwanza, kuhusu Mama Kasika. Huyu ni mama wa miaka sabini na zaidi, anayeishi juu kabisa ya kilima, katika chumba kimoja na mjukuu wake. Kabla ya mashine, hakuna aliyejua hata upande mlango wake unakotazama. Baada ya mashine, kwa kuwa yeye alikuwa namba moja na asipotangulia hakuna anayepita, alipata jamaa sitini kwa siku moja. Kuni zake zilipasuliwa. Paa lake liliwekwa bati jipya kabla ya mvua za Machi. Siku ya kugawa alifuatwa kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, akawekewa mto wa kukalia, na mtu wa kutembea pembeni akimshikia mwavuli. Sikatai kwamba ilimpanda kichwani. Mwezi wa pili alitazama kikombe alicholetewa, akasema: «Leo chai haina maziwa? Basi mie nalala kwanza. Mutanikuta kesho.» Kaya sitini zikatafuta maziwa. Nilikuwa mmoja wao, na nilikimbia.

Jumanne iliyopita, mlipotuita kuchukua jeton mpya, kila mtu alikuja saa aliyotaka. Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya muuza essence nilipomwona Mama Kasika akishuka kilima peke yake, kwa miguu, na fimbo yake. Hakuna moto, hakuna mto wala mwavuli. Bwana Mratibu, nilisikia uchungu, na ninauandika hapa bila aibu.

Pili, kuhusu Kahongya. Alinipita kwa udanganyifu mara moja, na kwa sababu ya mashine ikabidi anipite kila mwezi kwa kanuni. Miezi saba nimetazama kisogo chake kama mwanafunzi anavyotazama ubao. Lakini alama yangu ilikuwa inamtaka, na asipofika yeye, mimi si mimi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza alipolazwa na typhoïde, mimi ndiye niliyempelekea uji kila siku, kwa chuki kamili, nikahesabu vijiko hadi vikaisha. Siku ya nne aliniambia: «Directeur, unaniletea uji na sura ya kufukuza mwizi.» Nilimjibu kwamba mwizi ndiye ninayemlisha. Alicheka mpaka muuguzi akatukemea. Baada ya hapo ikawa desturi, nikipita sokoni lazima nimtazame anakohoa au hakohoi. Ni mzigo niliobebeshwa na kamati yako. Sasa mmeniondolea bila kuniuliza kama mgongo wangu umekwisha kuuzoea.

Tatu, kuhusu Mama Hulda. Yeye alikuwa namba ishirini na nne, nyuma yangu. Mimi nisipofika, yeye na watoto wake wanne hawali. Tangu mke wangu Anne-Marie alipofariki, na watoto wetu wakiwa Kampala ambako simu hukatika kila wanapotaka kuongea habari ndefu, hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kujua kama nimeamka. Mama Hulda alikuwa nayo. Kila Jumapili baada ya misa alipita mlangoni kwangu akagonga mara mbili: «Directeur, uko?» Nami nikajibu: «Niko.» Hakuwahi kuingia, na mimi sikuwahi kumkaribisha kwa kuwa nyumba yangu ina kiti kimoja. Maneno matatu, yeye mawili na mimi moja. Jana Jumapili misa ilikwisha saa nne. Nilikaa karibu na mlango mpaka saa nane.

Nne, kuhusu namna usahihishaji ulivyofanyika. Mwezi uliopita Mama Kasika alikwenda Beni kumwona mjukuu wake mwingine aliyejifungua, mvua ikakata barabara, na watu wakangoja siku mbili. Najua watoto walilala bila kula siku hizo mbili. Wa Mama Hulda walikuwamo. Sitalificha hilo kwa kuwa mwalimu hafichi maksi mbaya, ingawa naona linaidhoofisha barua yangu. Ulikasirika kwa haki, ukamwagiza Delphine aingie ndani ya programu. Aliingia nusu saa, akatoka macho mekundu, akaniambia: «Papa Directeur, ni mustari moja tu ilikosekana.» Mstari mmoja! Yule binti alilia kwa aibu kwa sababu ya mstari mmoja, na mimi nilikuwa karibu kulia kwa sababu nyingine. Watu sitini na mmoja walikuwa wameshikana miezi saba kama nyuzi za mkeka, na neno moja la kurudisha mwanzo likawafumua wakati wewe unakunywa kahawa.

Tano. Hakuna aliyechukua nakala. Hapa nawageukia ninyi wa maktaba. Mliweka amri mbili jirani, kunakili na kurudisha mwanzo, mkijua wazi kwamba mtu mwenye busara hunakili kabla ya kumwaga. Kwa nini basi hamkuilazimisha ya pili kuomba ruhusa kwa ya kwanza? Huku kwetu ukitaka hati ya kuzaliwa unahitaji sahihi ya chef de quartier, mashahidi watatu, picha mbili na subira. Lakini kumwaga chungu chenye watu sitini na mmoja hakuhitaji hata picha moja. Naomba katika toleo lijalo amri ya kurudisha mwanzo itiwe muhuri, ipitie ofisi tatu, na katika ofisi ya pili pasiwe na mtu hadi kesho yake. Mkihitaji mshauri wa jinsi ofisi hizo zinavyopangwa, tunao wengi.

Sita. Kama kurudisha mwanzo ni rahisi hivyo, naomba kufahamu kwa nini huduma hiyo imepewa ordinateur peke yake. Mimi pia nimemezeshwa mengi tangu nilipotoka kwa mfinyanzi. Namwomba anayehusika anirudishe asubuhi moja tu ya Eringeti, ninayo tarehe yake: kengele imekwisha kupigwa, darasa la sita wanaimba jedwali la saba na kukosea pale pale wanapokosea kila siku, na Anne-Marie ananitumia mtoto kuniambia kwamba nimesahau miwani. Sihitaji zaidi ya hapo, na niko tayari kukosea yote yaliyofuata kwa mpangilio ule ule. Nilimpelekea Delphine ombi hili kwa maandishi. Alilisoma, kisha akaniambia kwa upole kwamba maktaba haina hiyo.

Saba. Kwa kuwa haina hiyo, basi kosa lirudishwe, na lisiishie kwetu. Napendekeza lipanuliwe. Wewe mwenyewe, Bwana Mratibu, uandikwe namba sitini na mbili, ili mshahara wako usitoke hadi sisi wote tumepita na alama zimekubali. Nina hakika utaijua njia ya kwa Mama Kasika hata ukifumba macho. Nyuma yako aandikwe mkubwa wako wa Beni, na nyuma yake mkubwa wake, na nyuma yao wenye magari yenye vioo vyeusi, na wanajeshi walioletwa kutulinda, na waheshimiwa wote wanaokuja kupiga picha na magunia. Mwisho kabisa, namba ya mwisho katika nchi nzima, akae yule mkubwa kuliko wote, akisubiri chini ya mvua kujua kama Hulda wa Mbau amefika, na kama hajafika, ana nini. Nimefikiri sana na sioni kasoro katika mpango huu. Groupe itahitaji essence zaidi, hilo nakubali.

Nane na mwisho. Utaniambia kwamba natia chumvi, kwamba watu ni wema kwa asili na hawahitaji kosa la programu ili watazamane. Nimefundisha watoto miaka thelathini na miwili. Usiniambie habari za asili. Nitakuletea ushahidi. Alhamisi hii tarehe 12 ni siku ya kwanza ya kugawa kwa jeton mpya, ambayo kila mmoja anapita peke yake bila kumhitaji mwenzake. Mimi sitakuja. Sitaumwa, sitasafiri, nitakaa nyumbani kwangu nimevaa koti langu la kazi, mlango umefungwa, saa iko mezani. Hakuna mtu atakayeuliza namba ishirini na tatu yuko wapi, kwa kuwa hakuna anayenihitaji ili awe yeye. Nitaandika kila saa inayopita katika cahier, na ukurasa huo nitauambatanisha na barua hii kama kielelezo. Ijumaa utaupata. Nakuomba uusome bila kuniruka.

Naogopa ukurasa huo, Bwana Mratibu. Ningependa uwe umelijua hilo kabla ya kuusoma.

Nikimaliza, wasalimie wote wa bureau, kuanzia mlinzi wa lango mpaka dereva. Mwambie Delphine kwamba simlaumu, na kwamba aache kula mandazi makavu mchana mzima mbele ya ile ordinateur. Binti wa umri wake anahitaji maharage. Wasalimie wale wa maktaba kwa njia zenu. Wewe nakuachia heshima zangu zote na shikamoo ya mtu aliyekuwa na cheo cha kupiga kengele.

Ni mimi,
Kitsa Maliro
Directeur honoraire, aliyekuwa namba 23

Viambatanisho: jeton ya zamani, moja. Ukurasa wa cahier, mmoja (utafuata).

Baada ya sahihi, Ijumaa tarehe 13:

Ukurasa wa cahier hautafuata, au tuseme umefuata lakini una mistari mitatu tu. Ya kwanza ni saa mbili, hakuna mtu. Ya pili ni saa tatu, hakuna mtu. Ya tatu ni saa nne kasoro, na haikumalizika kuandikwa kwa sababu mlango uligongwa mara mbili.

Nilisikia: «Directeur, uko?» Nilikuwa nimeapa kutojibu. Nikajibu.

Yaliyotokea dépôt unayajua kuliko mimi, kwa kuwa ulikuwapo na wanasema ulipiga meza. Nayaandika kwa ajili ya wale wa mbali. Mama Kasika alitangulia akapita. Wa pili akamfuata, wa tatu akamfuata, hivyo hivyo hadi Kahongya, bila cahier, bila mtu wa kuita majina. Kisha pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Delphine alimwita Mama Hulda asogee, akamwonyesha kwenye kioo kwamba alama yake mpya imekubali, ni yake peke yake, haimtaki mtu mwingine. Mama Hulda aliitazama, akamshukuru, akasema: «Machine inaniitika, nimeona. Lakini mie hapana pita. Mie niko nyuma ya Directeur. Directeur eko wapi?» Na wale thelathini na saba walio nyuma yake wakakaa chini juu ya ndoo zao.

Basi wakaja. Nilipofungua mlango walikuwa wamejaa uchochoro mzima, na Mungu ni shahidi yangu, walikuwa wamesimama kwa mpangilio. Nilimwuliza Mama Hulda kwa nini Jumapili hakupita. Alisema mtoto wake wa tatu alikuwa na homa, na kwamba alimtuma Kahongya, na Kahongya alikuja akaniona kupitia dirisha la pembeni nimekaa karibu na mlango, akaona niko mzima akaenda zake. Nikamgeukia Mama Kasika, aliyekuwa kwenye moto, mto chini yake, chai mkononi. Nilimwambia nilivyomwona Jumanne akitembea peke yake. Akanijibu kwa hasira: «Nilibafukuza mie mwenyewe! Nilichoka kubebwa sawa régime ya ndizi. Nilikuwa nataka siku moja nitembee, nione bitu bya njiani.»

Kwa hiyo lalamiko la kwanza limeanguka, na la tatu, na la nne, na la nane. La tano pia nalifuta, kwa kuwa nakala ilikuwapo, watu wamekaa nayo wenyewe vichwani. Programu ya Delphine iacheni ilivyo, ni nzuri. Jana kila mtu alikula kabla ya saa nane, hata watoto wa Hulda. Barua naituma hivi hivi kwa sababu nimekwisha kuiandika safi na karatasi haifutiki. La sita maktaba ilikwisha kulijibu. La saba unaweza kulitafakari.

Linabaki la pili. Tulipofika dépôt, Kahongya alisimama pembeni, akaniachia njia mbele ya watu wote. «Pita mbele yangu, Directeur. Ile fasi ilikuwaka yako, mie nilikuibiaka.» Miezi saba nilikuwa nimeandaa hotuba kwa ajili ya siku hiyo.

Nilikataa. Nimekwisha kuzoea kisogo chake.

K. M., namba 23